Ua la Zambarau Bwawani kwa Baba

Kibaha,
3 Machi 1953

Dada yangu Mwanakheri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa kung'oa mihogo umepata nafuu. Mimi huku sijambo, ila kikohozi cha vumbi la mkonge, nacho huku ni cha watu wote.

Najua umenikasirikia. Idi nilisema nitakuja, sikuja. Hitima ya baba nayo ikasomwa mimi sipo. Memsahibu alisafiri akaniachia samaki wake, akasema wakifa nisimsubiri arudi. Ndiyo sababu yenyewe, na nikiiandika hapa naona mwenyewe kwamba si ya kumwambia mtu aliyesimama peke yake mlangoni kupokea waombolezaji.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kulea samaki wasioliwa. Ni tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, liko barazani upande usiopigwa na jua la mchana. Samaki wengi nimewavua mwenyewe Mbwawa, kwenye vidimbwi vinavyojaa masika na kukauka kiangazi, kwa kipande cha chandarua. Dume ana mkia mwekundu na mwili wa buluu kama amepakwa rangi. Jike ni wa kijivu tu. Simchukui anayeogelea upande, wala aliyebana mapezi, na madume siwaweki wengi pamoja, maana watachanana mikia. Maji ya kisima nayaacha kwanza kwenye debe yatulie, tena sibadilishi yote kwa mara moja. Chakula chao ni viluwiluwi vya mbu, na nawapa kile wanachokimaliza, kwa sababu kinachobaki huoza na ndicho kinachoua. Halafu kuna mimea. Mimea ndiyo inayowapa samaki pumzi, na jike akichoka kufukuzwa hujificha humo.

Sasa fungua debe alilokuletea Husseini, yule dereva wa lori. Ndani ya gunia bichi kuna mmea unaoelea. Majani yake yana vibofu chini, na ukichanua utatoa ua la zambarau lenye jicho la manjano. Utie bwawani kwa baba. Perege watapata kivuli na pumzi, nawe utapata kitu cha kutazama unapochota maji. Haupandwi wala haupaliliwi.

Nisalimie Mama Mwanaasha na wote wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Matano


Kisarawe,
28 Juni 1953

Mdogo wangu Matano,

Marahaba. Barua yako niliipata, na debe nikalipata, na hasira zangu zikapungua nusu. Mguu umepona. Kuku wamekufa kwa mdondo, wamebaki majike wawili. Hayo ndiyo ya huku.

Ua lako nililitia majini siku ileile. Masika yote lilikaa kama yai lililoatamiwa, kisha likaanza kuzaa. Mche mmoja ukawa kundi, kundi likavuka kutoka ukingo wa mchikichi mpaka mahali tunapofulia. Siku ya Idi likachanua. Matano, sijui nikueleze vipi. Bwawa zima la zambarau. Watu wamekuja kutoka ng'ambo ya bonde, wanawake na kanga zao mpya, wakakaa ukingoni kutazama. Tangu niachike nikarudi nyumbani kwa baba, mtu akipiga hodi huwa amekuja kunipa pole. Safari hii waliniita Mwanakheri wa maua. Nilipika mikate ya kumimina mara mbili, na yote ikaisha.

Mwamini, Mama Mwanaasha, peke yake hakusifu. Unajua bwawa lile mumewe alilichimba pamoja na baba, na nusu ya perege ni wake. Ameniambia hawaoni tena samaki wakati wa kuwatupia pumba. Nikamwambia mdogo wangu analea samaki wa Wazungu, amesema mimea inawapa pumzi. Akakung'uta pumba mikononi, akaenda zake.

Ila nataka kukuuliza jambo. Asubuhi mapema perege hupanda juu, kwenye uwazi mdogo uliobaki, wakawa wanafungua na kufunga midomo. Wanacheza, au ni njaa? Nijibu upesi, kwa sababu Mwamini anawanenepesha kwa ajili ya harusi ya Mwanaasha, baada ya kuvuna mpunga.

Njoo uone maua yako kabla hayajaisha.

Dada yako,
Mwanakheri


Kibaha,
20 Julai 1953

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu umepona, na pole kwa kuku. Mimi mzima.

Huku kazi ni nyingi. Memsahibu ameletewa samaki wengine kutoka Dar es Salaam, na mmoja ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nimemtenga kwenye beseni asije akaambukiza tangi zima. Kwa hiyo usingizi ni wa mang'amung'amu.

Kuhusu yale ya perege, labda ni joto. Ule mmea unaweza kuupunguza kidogo ukipenda. Si lazima wote.

Nimefurahi sana kwamba watu walikuja. Mwambie Mama Mwanaasha nampongeza kwa binti yake.

Mdogo wako,
Matano


Kisarawe,
2 Oktoba 1953

Matano,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima.

Perege wamekufa. Wote. Bwawa lilipopungua maji, lile jani likakaza juu kama mkeka. Asubuhi moja nilisikia harufu kabla sijafika. Nilipolipasua kwa ufito wakaibuka wameshavimba, wakubwa wamelala kando ya wadogo. Mwamini alikuwa amekuja na tenga lake kuvua wa kwanza wa harusi. Alisimama, akaliweka tenga chini taratibu, akarudi kwake.

Maji hayafai hata kufulia. Wanawake wa upande wetu wote sasa wanateremka mpaka kijitoni, wakipita mlangoni kwangu na ndoo kichwani. Hakuna anayeniambia neno baya. Wananisalimia kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo inayonichoma. Harusi ilifanyika, wageni wakala ubwabwa kwa kunde. Nilipeleka mchele, ukapokelewa na mtoto.

Jumbe alituita ukingoni, akauliza mmea huu umeletwa na nani. Husseini alikuwapo. Nilimwona anafungua mdomo, nikamtangulia. Nilisema, "Ni mimi. Niliuona njiani, nikaupenda, nikauchukua." Sikutaka jina lako litajwe mahali ambapo baba alichimba kwa mikono yake na wewe hujakanyaga tangu azikwe. Wangesema hata kuja kumzika alikawia, na alipoleta kitu akaleta hiki. Nikaona bora waniseme mimi, niko hapa, nitazoea.

Sasa niambie ukweli na usinifiche. Mmea huu ni nini? Nimeuvuta ufukweni mpaka mikono imechubuka, na baada ya majuma machache umefunga tena. Nilikuuliza mwezi wa Idi, ukanijibu habari za samaki mwenye chumvi.

Dada yako,
Mwanakheri


Kibaha,
9 Novemba 1953

Dada yangu Mwanakheri,

Shikamoo. Sina haki ya kukuuliza hali, lakini nakuuliza.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Nitaandika bila kuzunguka.

Mmea ule nilikuwa najua. Kila juma huupunguza kwenye tangi, kwa sababu ukiachwa hufunika maji kama kifuniko cha sufuria, hewa haishuki, na samaki wanakosa pumzi. Mimea ya kuzidi naianika juani nyuma ya jiko mpaka ikauke, kisha naichoma. Memsahibu alinikataza kabisa kuitupa mtoni. Ule wako niliutoa kwenye rundo la kuchomwa. Husseini alikuwa anaondoka, nami sikuwa na cha kukupelekea, na nilikuwa na aibu ya hitima. Nikaona ua lake ni zuri, likaniokoa. Yaliyobaki sikukueleza kwa sababu ningekueleza lazima ningesema limetoka wapi, na nisingeweza kumletea dada yangu zawadi ya jaani.

Ulipoandika kwamba samaki wanafungua midomo juu ya maji, nilijua siku ileile. Niliisoma barua yako nimesimama kando ya tangi. Kulikuwa na nafasi ya kuwaokoa, nami nikakuandikia "labda ni joto". Hilo ndilo linaloniamsha. Nilidhani nikisema kwa nguvu, "Ung'oe wote", utauliza kwa nini. Basi nikasema kidogo, nikaomba lipite lenyewe.

Barua yako ya pili nilimpelekea Memsahibu, nikamweleza. Akauliza, "Uliupeleka wapi?" Nikamwambia, nyumbani kwetu, kwa dada yangu. Nilingoja anifukuze. Alilitazama tangi lake, kisha akautoa mmea wote kwa mikono yake mwenyewe, hakubakiza hata mche. Tangi sasa lina majani ya chini tu.

Alichonieleza ni hiki. Msiukatekate, kwa sababu kila kipande kinaota. Uvuteni mzima na mizizi yake, kabla ya mvua za vuli kujaza bwawa na kuumwaga kijitoni. Upandisheni mbali na maji, uanikwe, uchomwe. Mbegu zimelala topeni, kwa hiyo mtavuta tena mwakani na mwaka utakaofuata. Msitie samaki mpaka maji yaonekane tena.

Nimeomba ruhusa. Nikipata nitakuja na lori la Husseini. Nitakwenda kwanza kwa Mama Mwanaasha, nimwambie yote ni yangu, kisha kwa Jumbe. Wewe usiseme lolote. Umenifunika ilhali sistahili, na yote nitayabeba mimi.

Mdogo wako,
Matano


Kisarawe,
1 Desemba 1953

Mdogo wangu Matano,

Marahaba. Hali yangu ni ya mtu anayelala na mgongo unaomuuma, lakini analala.

Nilipoisoma barua yako nilikuwa na hasira, nikaiweka chini ya mto nisiione. Nikaitoa tena. Kuna mahali umeniudhi kuliko pengine pote, napo ni pale uliposema yote ni yako. Matano, nirudishie sehemu yangu.

Mwamini alikuja kwangu mwezi wa Julai, kabla barua yako ya joto haijafika. Aliniambia, "Mwanakheri, liondoe hili, samaki wanakufa." Sikukuandikia hilo. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ana wivu kwa sababu watu hawaji kwake. Yeye alikuwa akinisukia nywele nilipokuwa sina mtu wa kunisuka. Na hata uliponiandikia nipunguze kidogo, kidogo chenyewe sikupunguza. Kulikuwa na wageni wa Ijumaa wanaotoka mbali, nami nilitaka wakute bwawa limejaa. Nilikuwa nimeshaona midomo ya wale samaki. Nilikuwa naiona kila asubuhi, kisha jua linapanda, maua yanafunguka, nasahau.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya Jumbe nikasema "Ni mimi", watu walidhani nakiri, nawe umedhani nakufunika. Nilikuwa nasema kweli, ila sikuisema yote.

Nimekwenda kwa Mwamini. Nilimkuta anatwanga. Sikungoja anikaribishe, kwa sababu nilijua hatanikaribisha. Nilimwambia mmea ulitoka kwako, Kibaha, kwenye rundo la kuchomwa, na kwamba ulijua ukanyamaza. Nikamwambia na langu, kwamba yeye aliniambia ukweli nikamwita mwenye wivu mbele ya binti yake. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza alisema, "Nimekusikia." Basi. Nikarudi.

Nilifanya kama alivyoeleza huyo Memsahibu wako. Nilianza kuvuta ukingo wa mchikichi, mzimamzima, bila panga. Siku ya pili nilipoteremka nilimkuta Mwamini yuko ukingo wa pili, amejifunga kanga kifuani, maji ya kiuno, anavuta. Hakuniangalia. Tangu siku hiyo yeye yuko kwake, mimi niko kwangu, kila mmoja ana rundo lake juu ya kilima. Wengine wamekuja wakasaidia, wakaondoka. Sisi tumebaki. Katikati pameanza kuonekana maji, meusi, yananuka, lakini ni maji. Mvua imenyesha mara moja tu, na hakuna kilichovuka kwenda kijitoni. Nimekwenda kuangalia mwenyewe.

Ukipata ruhusa njoo, lakini usije kusema. Nimeshasema. Njoo na nguo za kazi, kwa sababu katikati pana kina, na sisi wawili hatufiki. Kwa Mwamini utakwenda, ila usimweleze ulivyokuwa huna zawadi. Mwombe radhi, kisha ushike mmea uvute upande wake.

Jana jioni nilikuwa napanda na mzigo wa mwisho. Rundo la Mwamini lilikuwa limekauka, naye alisimama na kijinga cha moto mkononi bila kuliwasha. Kisha akaita kutoka kule alikokuwa, akauliza, "Na mizizi nayo ichomwe?"

Nikamjibu, "Yote."

Akasema, "Haya," akainama akawasha. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu aliposema amenisikia.

Dada yako,
Mwanakheri