Aliniambia Nifunge Barua Pepe

Shoga, nimejifungia chooni kazini kwa hasira.

Unamjua jirani yangu wa meza, yule tunayeitana pacha? Asubuhi kaniambia, "Pacha, funga barua pepe umalize ripoti kwa utulivu. Ikija ya maana nitakushtua."

Nikafunga. Nikamshukuru, na chai nikamnunulia!

Kumbe bosi alituandikia wote: anayetaka usimamizi wa kitengo ajibu kabla ya saa sita.

Nimefungua barua pepe sasa hivi, saa sita imeshapita. Pacha kajibu mpaka kwa niaba yangu! "Mimi niko tayari. Mwenzangu kazi zimemzidi, tusimsumbue."

Tusimsumbue!! Mimi!

Nikamkazia macho. Hata hakushtuka, anakunywa chai yangu taratibu: "Pacha, ripoti ikiisha, sasa utaniletea mimi."