Mbuzi Mgongoni mwa Shangazi

Baba watoto, na wewe binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mashine ya kuchapia fulana nimeizima lakini bado ni ya moto.

Asubuhi niliwafokea kwa sababu fulana ya shangazi ilitoka na kichwa cha mbuzi mgongoni, hafifu kama kivuli. Kwaya inaimba leo jioni, na yeye kiongozi ndiye anayewapa watu mgongo. Nikasema kuna mtu kachezea mashine. Kumbe mtu huyo ni mimi. Karatasi ya kufunikia ilinyonya wino jana kwenye fulana za bucha, na leo nikaitandaza tena, eti bado nzuri. Joto likamhamishia shangazi mbuzi. Ubahili wangu huu.

Binti, zilizobaki, kila fulana karatasi mpya. Kwanza pitisha selotepu, uondoe nyuzi. Uzi mmoja wa sweta lako unaacha mstari wa buluu.

~~Nitawaomba msamaha jioni.~~ Nisameheni sasa hivi, maana jioni nitajitia nimesahau.

Naenda kununua fulana nyingine. Ile ya mbuzi nimeivaa. Kinyozi wa kona akiniuliza kilo bei gani, nitamtajia.

Mama