Chupa Mbili Zilizobaki Stoo

Alhamisi. Ukungu haujaondoka milimani tangu asubuhi, mvua ya rasharasha inanyesha, na moyo wangu mzito.

Jana kwenye mkutano wa kijiji bwana shamba alitangaza kwamba ile dawa tunayopulizia kahawa imepigwa marufuku. Hakuna kuuza wala kutumia. Alisema inadhuru mishipa ya fahamu, inaua nyuki na samaki. Aliyebakiwa nayo asiimwage popote, aipeleke ofisini kwake.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Mimi ni mtoto wa ziwani, huku Mbinga nimeolewa. Vijito vya chini ya mashamba yetu vinateremka hadi Nyasa, na mama yangu bado anachota maji ya kunywa palepale ufukweni anapooshea usipa, vidagaa vyetu vya kule.

Si wote waliopiga makofi. Deo, mdogo wa mume wangu, aliondoka mkutano ukiendelea.

Deo hana shamba la kahawa. Kazi yake ni kupulizia mashamba ya watu, bomba mgongoni. Msimu uliopita alianguka katikati ya mibuni, mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Tulimkimbiza zahanati kwa bodaboda, mimi nimekaa nyuma nimemkumbatia asidondoke. Alipona, ila mikono inatetemeka hadi leo. Akishika kikombe, chai inamwagika.

Nilidhani yeye ndiye angefurahi kuliko sisi sote.

Leo mchana amekuja. Kosmas, mume wangu, alikuwa ameenda Kitai. Deo hata kuketi hakutaka.

"Shemeji, naomba zile chupa mbili za dawa zilizobaki stoo. Kuna watu wananisubiri kesho na bomba."

"Sikupi, shemeji."

"Ni za kaka yangu zile."

"Basi msubiri kaka yako. Ufunguo ninao mimi."

Sijawahi kumjibu hivyo ndugu wa mume wangu. Nikamwambia kama yeye ameisahau siku ile, mimi sijaisahau, maana kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwangu na sikujua kama ninabeba mtu au maiti.

Akakaa kizingitini.

"Unadhani sijui? Nikiisikia harufu yake tu, naikumbuka siku ile. Lakini nani atanipa kibarua cha jembe na mikono hii? Bomba nalifunga mgongoni, natembea nalo. Mmeizuia dawa, sawa. Mimi je, niende wapi?"

Aliondoka bila kuaga. Nikazitia zile chupa kwenye ndoo yenye mfuniko, nikazipeleka kwa bwana shamba. Akazifungia pamoja na za wengine. Nikamuuliza, na waliokuwa wakiishi kwa kupulizia? Akachomoa ufunguo, akasema, "Hilo, mama, hatujaambiwa."

Njiani nilikuwa nawaza. Nikirudishwa mkutanoni nitapiga makofi tena, hilo sina shaka nalo. Ila marufuku imekuja kuzilinda afya zetu, na mtu aliyeumizwa kuliko wote ndiye iliyemwacha hana kazi.

Jioni Kosmas amerudi, nikamweleza yote. Nilitegemea hasira. Alivua viatu vyake vya matope taratibu, akaviweka kando ya mlango.

Kisha akasema bungua, yule mdudu anayetoboa mashina ya kahawa, hatakwisha kwa makofi ya mkutano. Sasa itabidi tupite mbuni kwa mbuni, kutafuta tundu na kumchoma humo ndani kwa waya. Kazi ya mtu mmoja haiwezi kuwa.

"Deo ana macho makali," akasema. "Yeye atafute matundu, mimi nichome. Na mibuni ya kule bondeni nitamgawia, iwe yake."

Nikamuuliza kama Deo atakubali. Amekuwa kibarua wa kila mtu hapa kijijini, lakini kwa kaka yake hajawahi kuomba kitu, ila chupa zile leo.

"Sijui," akasema. "Nilipaswa kumfuata kabla hajaomba."

Akavaa tena viatu vya matope, akatoka kwenda kwa Deo.

Nimeongeza unga kwenye ugali. Mvua imekatika. Nasikia hatua huko nje kwenye matope, na bado sijui kama ni za mtu mmoja au wawili.