Tochi ya Mzee Koileken

Manundu, Jumanne jioni

Mkono bado unaniuma. Nimempiga Hoza ngumi mbili za uso, tena mbele ya mteja.

Asubuhi laptopu ya duka iliwaka, feni ikavuma, lakini kioo cheusi tii. Hoza, mwenzangu dukani, ndiye aliyeiwekea mfumo mpya wa Linux wiki iliyopita. Sikuuliza, nikamvaa. Mdomo ukapasuka, kofia ikamdondoka, akaondoka.

Nikainyanyua laptopu niibamize sakafuni. Mzee Koileken, mfugaji wa Handeni aliyeifuata barua yake ya kuomba malisho tuliyomchapia, akanidaka mkono.

"Kijana, weka chini. Ng'ombe akianguka tunammulika jichoni kwanza, ndipo tunashika kisu."

Akakimulika kioo kwa tochi yake. Maandishi yakaonekana kwa mbali, yote yapo.

"Huyu yuko hai."

Nikabonyeza kitufe cha mwanga mara tano. Kioo kikang'aa.

Jana umeme ulipokatika niliushusha mwanga hadi mwisho, mimi mwenyewe, kutunza betri. Linux imewaka vilevile nilivyoiacha.

Mzee akaokota kofia ya Hoza, akaipangusa damu, akaiweka mezani kwangu.

"Na huyu, ulimmulika?"