Siti ya Nyuma ya Kombi

Iringa, Jumamosi jioni, Juni 1975

Baridi ya leo inauma hadi kwenye meno. Tumefika, lakini nguo zangu bado zinanuka moshi.

Ambokile, mume wangu, alinunua kombi kwa sababu ya nafasi. Kwao Unyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, wala hapazi sauti mahali mzee huyo anaposikia. Katika gari dogo tungesafirije? Kwenye kombi mzee anakaa mbele, mimi siti ya mwisho, katikati tunatundika khanga. Mimi ni Mhehe, lakini mila hiyo nimeolewa nayo na sijawahi kuilalamikia.

Ninayoilalamikia ni kombi yenyewe. Nafasi inayo, uzima haina. Kila asubuhi tunaisukuma, na majirani hutoka na vikombe vyao vya uji kuja kututazama. Taarifa ya kifo cha Mama ilinikuta kombi iko juu ya mawe gereji. Ambokile akasema ningoje, kesho itakuwa tayari. Kesho ikazaa kesho. Mama akazikwa mimi niko Mbeya.

Sijui nimekasirikia gari au mume.

Leo ndiyo tumekuja kuhani. Baba mkwe, na kifua chake kile kibovu, alikataa kubaki. Alisema msibani kwa wakwe mtu hatumi salamu, anakwenda mwenyewe.

Tangu Chimala nilikuwa nalia, khanga mdomoni, nisisikike. Tulipopita Igawa nikanusa petroli. Injini ya kombi iko nyuma, karibu na kisogo changu, hivyo ikiugua mimi ndiye wa kwanza kujua. Nikamtuma binti yangu Tusa mbele akamwambie baba yake. Akarudi na jibu kwamba gari hili siku zote linanuka. Nikamtuma tena, jibu likawa lile lile. Basi nikanyamaza kama mkwe mwema, na watoto wangu wako pembeni yangu.

Moshi ulipopenya nyuma ya siti, nilisahau mila.

"Baba Tusa, simamisha, tunaungua!"

Tukashusha watoto, mzee akashuka mwenyewe, Ambokile akamwagia moto mchanga hadi ukazima. Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia akatupatia kipande kingine.

Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, mgongo nimempa mzee. Aibu ilinizidi kuliko hofu. Nilijua atadai arudishwe kwake, na msiba wa Mama usihaniwe na wakwe zake. Nikasikia anamwita Tusa. Alimwambia kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mama yako, siku nyingine asingoje moshi. Na mwambie namsikia tangu Chimala. Mtu hamlilii mama yake kwa kutafuna khanga. Alie."

Tusa akavuka kuja kunieleza. Sikumsubiri amalize. Nililia kwa sauti pale pale kando ya lami, kilio cha wiki nzima. Ambokile aliacha spana akaja kusimama karibu nami, akaniomba radhi kwa ile kesho yake. Nikamwambia nimemsikia. Kusamehe bado, lakini nimemsikia.

Alfajiri ninakwenda kaburini. Mzee ameagiza kupitia Tusa kwamba naye atakuja, atatembea nyuma yangu, mbali kidogo, ili nisijibane.