Nyuki wa Kitana

Shanwe,
Mpanda.
11 Juni 2025

Mpendwa Dada Generosa,

Pokea salamu za mdogo wako. Tangu muhamie Mtwara sijasikia kama goti lako limepoa, wala kama watoto wamezoea samaki wa kila siku. Huku tu wazima wa mwili. Mimi kichwa ndicho hakitulii. Kila nikikaa kukuandikia, nainuka.

Leodgar ametengeneza filamu ya mwizi wa asali, na fundi wa sauti ni mimi. Usiwaze mitambo. Mvua ni mpunga kwenye ungo. Mwizi akinyata kwenye majani makavu, ni mimi nakanyaga maganda ya karanga ndani ya beseni.

Shida ilikuwa nyuki. Leodgar aliwarekodi wa kweli, mzingani. Mimi nikavumisha wangu kwa kupuliza kitana kilichofunikwa mfuko wa mkate. Akasema nyuki ni nyuki, kitana hakimdanganyi mtu.

Jumapili tukajaribu sauti zote mbili kwenye kibanda umiza cha Enoka, anapoonyesha video. Nyuki wa kweli walipoanza, mtu akapaza sauti, "Bodaboda ya nani hiyo? Azime, tunaangalia picha!" Watu wakacheka. Leodgar hakucheka.

Tukaweka wa kitana. Watu wakaanza kuinua kola. Mama Josefina akajifunika khanga gubigubi. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu moyoni, mara baba yako akasimama: "Moshi! Leteni moshi, nyie!" Akatoka mbio, ndala ya kushoto ikabaki ndani.

Ndiyo, Baba Mkubwa Benedikto, aliyerina asali tangu hatujazaliwa. Sasa sokoni wanamwita Mzee Moshi, na mimi hanisemeshi.

Leodgar sasa hataki kusikia nyuki wengine ila wa kitana. Aliyeanza kusita ni mimi. Jumamosi tunaonyesha Inyonga, na huko wamejaa warina asali wenzake Baba Mkubwa. Kisa chenyewe kimeshatangulia na basi. Nikiwavumishia nyuki hao, si nitakuwa nimempeleka mzee akachekwe mara ya pili?

Leo asubuhi nikaenda kwake na kitana mfukoni, kumwomba radhi. Nikamwambia akitaka nitawatoa.

"Ndicho hiki tu?"

"Ndicho, Baba Mkubwa."

Akakigeuza, akakinusa, akanirudishia. Akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa amevaa kofia yake ya wavu na kufunga mikono ya shati kwa kamba. Akakaa mbali nami.

"Haya. Vumisha."

Nikavumisha. Nilipomaliza hakuvua kofia.

"Jumamosi niwekee kiti," akasema. "Cha mlangoni."

Msalimie shemeji Deo, na Aneth na Faith. Mama anakusalimu sana. Anaomba umtumie mzee ndala, maana ile iliyobaki kwa Enoka haijaonekana; hata ya kushoto peke yake itatosha. Mungu awafunike nyumba nzima, nasi atufikishe Inyonga salama.

Nduguyo akupendaye, asiyekalika,
Respicius