Boya la Fundi Rangi

4 Machi

Mpwa wangu, mwalimu wa maji,

Salamu tele; zikikukuta na mafua zikuponye. Huku wote wazima, hata goti langu la kushoto limeacha kulalamika tangu nilitangazie kwamba tunaogelea mpaka kisiwani. Ndiyo, umesoma vizuri. Nina miaka hamsini na sita, nimepaka rangi meli, benki na nyumba za ibada za kila aina, nimelala bandari saba, halafu kisiwa kilicho kilomita mbili tu kutoka ufukoni kinanicheka kila siku nikiwa juu ya ngazi? Haiwezekani.

Naandika kwa sababu simu imetumbukia kwenye ndoo ya rangi nyeupe. Afadhali: karatasi hainikatizi nikijisifu.

Nina maswali. Nikiingia ziwani asubuhi, pumzi inanitoka mbio kama imeona nyoka. Kwa nini? Na kwa nini naogelea kunyooka, nikiibuka nipo mbele ya akina mama wanaofua, na wananiuliza nimeleta nguo ngapi?

Mjomba wako, samaki mwenye sharubu

12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Habari za huko, na goti? Mimi sijambo. Nimecheka, halafu nikaogopa.

Pumzi inakimbia kwa sababu ngozi inashtushwa na baridi. Usiruke. Ingia polepole, jimwagie maji usoni na shingoni, simama mpaka pumzi itulie, ndipo uanze. Kuhusu kupinda: hapa bwawani kuna mstari chini, ziwani hakuna. Kila ukipiga mikono sita inua macho, tafuta kitu kirefu nchi kavu, kifuate. Fanya mazoezi kandokando ya ufuko kwanza; kisiwa hakihami.

Usiende peke yako hata siku moja. Mtu awe kwenye mtumbwi, na akuangalie wewe, si samaki.

Nakutumia boya la kufunga kiunoni kwa kamba. Linaelea nyuma yako, ukichoka unalikumbatia. Dukani yalibaki meupe tu, kwa hiyo lipake mwenyewe. Wewe ndiye fundi, sitakufundisha rangi.

Mpwa wako

21 Machi

Mwalimu wangu,

Hujambo? Sisi tunapeta tu. Pumzi imetii! Nilisimama majini mpaka kifuani nikahesabu hadi mia, ikarudi yenyewe na adabu zake. Mikono sita, macho juu, naufuata mnara wa maji. Akina mama wamekosa mteja.

Sasa sikia kazi ya mikono yangu. Siku tatu nimechanganya rangi ya lile boya: buluu, kijivu, tone la kijani, tena kijivu. Nimeipata rangi ya ziwa lenyewe! Kinyozi, ambaye ndiye mpiga kasia wangu, alilitupa majini akalitafuta dakika nzima, na lilikuwa mbele ya pua yake. Akasema, "Fundi, wewe si mtu." Nikapaka na kofia yangu ya kuogelea, viwe seti.

Jumamosi tunavuka.

Swali moja: nikizamisha kichwa nasikia injini ya boti kama iko ndani ya sikio, nikiinua haipo upande wowote. Kwa nini?

Mjomba wako, bingwa mtarajiwa

27 Machi

Mjomba,

Sisalimii. Barua yako imefika leo Jumatatu, na Jumamosi ilikuwa juzi.

Boya ni la kuonekana, Mjomba! Linapakwa rangi ya kuumiza macho ili mwenye boti akuone. Sikukuambia, nikidhani fundi rangi ndiye mtu wa mwisho wa kuambiwa. Kosa ni langu. Na sauti ndani ya maji inakuja kutoka pande zote, usiitegemee.

Mkeo hapokei simu. Nijibu hata neno moja.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Nipo. Mama watoto hakupokea kwa sababu alikuwa kando ya kitanda changu hospitali, simu kaiacha jikoni. Siku mbili daktari alisikiliza mapafu yangu kama redio.

Tulipofika katikati upepo uliamka. Kinyozi aliinama kuchota maji mtumbwini, alipoinuka hakuna fundi. Nikasikia injini, nikainua kichwa: boti ya mizigo, inanijia mzimamzima. Ilipita karibu hivi kwamba nilisoma herufi zake, na zimepakwa vibaya. Wimbi lake likaninywesha. Nikalala chali, nimekumbatia boya, nikimtazama kinyozi akinizunguka, akiita, akinipita mara mbili kama hanijui. Sauti sina. Nikavua bukta yangu nyekundu, nikaipunga. Ndipo akaniona. Watu wazima wawili tukarudi, mmoja akiwa uchi.

Kosa si lako. Miaka thelathini najisifu kwamba kazi yangu nzuri ndiyo ile isiyoonekana kiraka. Boya sasa ni la rangi ya chungwa, linasumbua hata ng'ombe. Naogelea ufukoni tu, na kisiwa kitasubiri mpaka uje wewe ukae mtumbwini.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Kinyozi aliniambia kwamba mara ya pili aliponipita, alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumwambia mke wangu. Kila nikikaa kwenye kiti chake namwuliza: ulikuwa umefikia neno gani? Anashika kichwa changu, anakigeuza ukutani, anaendelea kunyoa.

Mjomba wako